Mkoba Uliotundikwa Msumarini

Nyumbani kwa Mwalimu Hezroni,
Kakamega.
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, na Mama, na nyanya yetu Kukhu, na ndugu yangu Elamu, na nyumba yote. Mimi ni mzima. Kile kikohozi nilichokuandikia kimekwisha. Mama Mwalimu alinichemshia majani fulani machungu sana, nikanywa huku nikiwa nimefumba macho, na nadhani kikohozi kilikimbia kwa kuogopa kikombe cha pili. Nyinyi hamjambo? Mguu wa Kukhu unaendeleaje na baridi ya huko Lugari? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na mahindi yamefika wapi, magotini au kiunoni?

Huku Kakamega mvua inamwagika kila alasiri. Huanza tukiwa katika somo la jiografia, na mara nyingine huwa ya mawe, yakapiga bati mpaka mwalimu anaweka chaki chini na sisi tunakaa tukitazamana. Mimi huipenda saa hiyo, maana hakuna anayeweza kuniuliza swali nikasimama mbele za watu.

Masomo yanakwenda vizuri. Nimepewa ufunguo wa kabati la vitabu la darasa letu, kwa hiyo sasa wasichana wananijua jina. Vitabu vyenyewe ni vile vile ulivyovilalamikia. Mtoto anateleza juu ya ziwa lililoganda, theluji inaanguka, babu yake anaota moto ndani ya nyumba iliyo na dohani. Tuna bendera yetu sasa, lakini ndani ya kabati bado theluji inaanguka.

Nilipofikiria jambo hilo nikakukumbuka wewe, Baba, uliporudi kutoka ile semina ya uandishi iliyofanyika hapa Kakamega katika likizo ya Agosti. Mama alikuwa ameweka obusuma na mboga mezani na hukula. Ulituambia kwamba mmefundishwa kuandika hadithi ambazo watoto wa madarasa yenu wataweza kujiona ndani yake, na kwamba walimu wanne mmekubaliana msiachane hivi hivi. Ukatuonyesha mkoba ambao Mwalimu Dorika wa Matete aliushona kwa gunia la sukari. Mkoba huo ungetoka kwako Lugari kwa basi mpaka hapa kwa Mwalimu Hezroni, kisha Malava kwa Mwalimu Alfayo, kisha Matete, kisha urudi kwako. Kila mmoja atoe hadithi yake ya zamani, atie mpya, asome za wenzake, na maoni yake ayaandike kwenye karatasi ya peke yake, akianza na kitu kilichompendeza. Ulisema, "Hakuna mkubwa ndani ya mkoba huu." Sijawahi kukuona umefurahi vile, hata siku tuliyopewa shamba.

Ndiyo maana ujumbe ulionituma ulinilemea. Uliandika, "Mwambie Mwalimu wako asiusubiri mkoba. Nimeutundika." Ukanieleza na sababu. Hadithi yako juu ya Kukhu ilikurudia ikiwa imesahihishwa na Mwalimu Hezroni kwa kalamu nyekundu kama insha ya mtoto, ishirini na nane kwa hamsini, chini yake "Umetoka nje ya mada", na kando ya sentensi moja "Si lazima. Futa." Na kabla ya kukufikia ilikuwa imepita Malava na Matete hivyo hivyo, na wenzako wote wawili wameiona. Baba, niliposoma hapo uso uliniwaka kana kwamba hadithi ni yangu.

Sikumpa ujumbe siku ile. Wala siku iliyofuata. Ninakula chakula chake, ninalala nyumbani kwake, na wewe ndiwe uliyenikabidhi kwake kwa sababu ni rafiki yako. Nilikuwa nikiyapanga maneno njiani nikienda shule, nikifika mlangoni jioni yanapotea.

Ijumaa iliyotangulia hii ya juzi nilikwenda naye stendi, mimi nikiwa nimebeba chupa ya mafuta ya taa. Huenda kila Ijumaa kungojea basi la kutoka kwenu. Kondakta ni yule Wanjala mwenye meno yaliyoachana. Alipomwona tu akaanza.

"Mwalimu, leo tena? Hakuna kitu."

"Umeangalia chini ya viti?"

"Nimeangalia chini ya viti, nimeangalia juu ya keria, nimeangalia mpaka ndani ya kikapu cha kuku cha mama mmoja wa Turbo, akanitukana. Huyu mkoba wako angekuwa mwanamke, ningekuambia amekuacha, tafuta mwingine."

Watu waliokuwa wakishusha mizigo walicheka, na mama anayeuza ndizi pale naye akadakia, "Mwalimu, unakujanga hapa kila Ijumaa kama mtu anangojanga bibi arusi! Si ununue hata ndizi?"

Akanunua. Hununua kila mara. Nyumbani tuna ndizi mpaka mbuzi amezikinai. Alicheka pamoja nao, lakini basi lilipoondoka alibaki akilitazama mpaka likapinda kona, kisha akaniambia, "Labda barabara imekatika huko juu." Barabara ilikuwa haijakatika, Baba, kwa maana basi lilikuwa limefika.

Hapo nikaona kwamba kunyamaza kwangu ndiko kunakomsumbua.

Kesho yake alikuwa barazani, meza imetolewa nje, madaftari ya darasa la saba yamepangwa kama matofali. Nilimpelekea chai nikasimama. Aliendelea kusahihisha, kisha bila kuinua kichwa akasema, "Rispa, chai inapoa mkononi mwako. Sema."

"Baba amesema usiusubiri mkoba."

"Mgonjwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mama yako je? Nyanya yako?"

"Wazima wote. Ni hadithi yake. Ilirudi ikiwa na alama."

"Alama gani?"

Nilinyoosha kidole kwenye kalamu nyekundu aliyokuwa ameishika. Aliitazama kama kitu alichowekewa mkononi na mtu mwingine. Kisha nikamwambia yote, ile ishirini na nane, na mada, na lile neno "Futa", na kwamba Malava na Matete wameona. Nilisema nikitazama miguu ya meza.

"Nilijua ni ya baba yako," alisema. "Niliisoma nikaipenda. Nakumbuka nilicheka pale dereva wa lori anapobishana na mama mzee. Lakini mkoba ulinikuta katikati ya insha za hawa watoto, na mkono… Rispa, mkono ulikuwa bado uko darasani."

Mama Mwalimu alikuwa anachambua mboga mlangoni. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mwambie baba yako asijione ameonewa," aliniambia akijifuta macho. "Hata mimi, huyu aliisahihisha barua yangu ya uchumba! Ananiandikia kwamba anataka kunioa, nami namjibu kwa adabu zangu zote, naye ananirudishia barua ile ile imepigwa mistari. Chini ameandika, 'Nimefurahi sana. Rekebisha aya ya pili.'"

"Aya ya pili haikueleweka," Mwalimu alisema polepole.

"Na nikaolewa naye hivyo hivyo! Lakini sikiliza, Baba Jeneta." Hapo alimgeukia mumewe, hacheki tena. "Mimi nilikuwa nakupenda. Nilikuwa na sababu ya kusamehe. Mwalimu wa Lugari hajaolewa na wewe. Yeye alikuletea mama yake kwenye karatasi, ukampa alama."

Mwalimu aliifunika kalamu, akaondoka na kuyaacha madaftari pale pale, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Nakuandikia haya si kwa kumtetea, Baba. Lakini kuna kitu kimoja nilikipata baadaye nikaona ukijue. Nilipokuwa nayaingiza madaftari ndani ili yasinyeshewe, niliyafungua. Darasa zima, tangu mwaka uanze, hakuna aliyepita ishirini na tatu. Jirani yetu Makokha, ambaye ndiye wa kwanza darasani, aliipata hiyo ishirini na tatu mara moja, akaruka kwa furaha mpaka akaangusha ua wetu. Kwa Mwalimu Hezroni ishirini na nane ni alama ambayo haijawahi kutolewa.

Jumapili iliyopita alitaka kuja huko kwa baiskeli kukuomba radhi. Mama Mwalimu aliificha pampu. "Lugari kwa baiskeli na mvua hii? Utafika umejaa matope, watafikiri ni mwizi." Akakaa akaandika barua ya kuomba radhi, akaichana. Akaandika nyingine, akaichana. Halafu akaja jikoni nilikokuwa nakoroga uji, akavuta kigoda.

"Nisimulie ile hadithi," akasema. "Sina nakala. Nisimulie kama baba yako alivyoiandika."

Unanijua, Baba. Mbele ya watu watatu sauti yangu hujificha. Lakini hadithi ile naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu, kwa sababu nilikuwemo. Nikamsimulia siku tuliyohama Iguhu. Vitu vyote vimepakiwa na Kukhu hataki kupanda lori mpaka mafiga yake matatu yapakiwe. Dereva akamwambia, "Mama mzee, Lugari imejaa mawe," naye akamjibu, "Ya huko hayanijui." Nikamsimulia jinsi wewe mwenyewe ulivyoyachimbua yangali na joto, ukayabeba moja moja, na jinsi tulivyofika tukakuta nyumba ya mzungu aliyeondoka ina jiko kubwa la chuma, Kukhu akalizunguka, akatoka nje, akapanga mafiga yake nyuma ya nyumba ile na kuwasha moto.

"Na wapi niliandika 'Futa'?"

"Ni pale njiani, Mwalimu. 'Mama aliyafunika mawe kwa shuka yake, akabaki yeye na baridi.'"

"Hiyo?"

"Hiyo."

"Nikasema si lazima."

Uji ulianza kushika chini nikaukoroga. Ndipo akaniambia jambo ambalo nadhani wewe hulijui, kwa sababu Mama Mwalimu naye alisimama mlangoni akisikiliza kama mgeni. Alisema yeye alilelewa bwenini misheni tangu akiwa mdogo sana, mama yake alipofariki. Aliyekuwa akimpikia hamkumbuki. Mafiga ya kwao hajui yalikwenda wapi, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kuyaulizia.

Nikapata ujasiri, sijui kutoka wapi. Nikamuuliza kwa nini yeye hajawahi kutia hadithi yake mkobani. Maana wewe ulituambia hivyo, kwamba yeye huandika maoni tu, na Mwalimu Alfayo humwita Inspekta.

Alicheka kidogo. "Ukishika kalamu nyekundu miaka mingi, Rispa, kila sentensi unayotaka kuianza unaiona imeshapigwa mstari."

Tangu asubuhi iliyofuata amekuwa akiandika. Huamka kabla yetu, akakaa dirishani penye mwanga, na tukitoka kunywa chai anaifunika karatasi kwa mkono kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu. Siku moja Mama Mwalimu alipita nyuma yake akachungulia, akamwambia, "Aya ya pili haieleweki," na wote wawili wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nami nilicheka, ingawa nilijifanya natafuta sukari.

Huko shuleni kwake kumekuwa na wasiwasi. Makokha alinijia uani akaniuliza kama Mwalimu anaumwa. "Ametusahihishia kwa penseli ya kawaida," akasema. "Na kwangu ameandika, 'Hapa pamenifanya nimkumbuke mjomba wangu.' Sasa hiyo ni alama ngapi?" Nikamwambia sijui, labda ni nyingi.

Juzi Ijumaa hakwenda stendi. Aliniita barazani akanipa karatasi zilizokunjwa na kufungwa kwa uzi. Alisema, "Mtumie baba yako. Mwambie hii ndiyo ya kwanza. Mwambie asinihurumie." Kisha akatoa kitambaa chake cha mfukoni, na ndani yake ilikuwamo kalamu nyekundu. "Na hii aitumie yote. Akiona ishirini na nane ni nyingi, apunguze."

Zote zimo ndani ya bahasha hii. Sijaisoma hadithi yake. Ilinibidi niiweke chini ya godoro, na usingizi ulinijia kwa shida, maana hujawahi kuniona mimi nikilalia kitu kilichoandikwa bila kukisoma.

Baba, mimi ni mtoto wako, sikuandikii kukuamuru. Ulikuwa na haki ya kuumia. Ulitoa kitu ambacho hujawahi kumwambia mtu, kikarudi kimechorwa, na njiani kila mtu amekitazama. Ningekuwa mimi ningeuchoma mkoba. Wewe umeutundika tu, na Mama ameniandikia kwamba uko msumarini nyuma ya mlango, na kila mlango ukifungwa unagonga ukuta kama mgeni, na Kukhu huitikia, "Karibu." Nilicheka nilipoyasoma hayo, kisha nikahuzunika. Naye Elamu anasema watoto wa darasa lake bado wanamuuliza ile hadithi ya Mwalimu Alfayo ya fisi wa Malava iliishaje, naye hana la kuwajibu.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Soma karatasi za Mwalimu Hezroni. Zitie alama kama utataka, zijaze wekundu mpaka zionekane zimechinjwa, yeye mwenyewe ameomba. Lakini ukimaliza uutoe mkoba msumarini, uzitie ndani, na umpe Wanjala. Nimekwisha kumwambia auulizie kwenu. Amesema atapiga honi mara tatu dukani, na kwamba safari hii atauketisha kwenye kiti cha mbele kama abiria wa heshima.

Nisalimie Mama kwa upendo wote, mwambie sweta aliyonifumia inanitosha isipokuwa mikono, ambayo imekua bila ruhusa. Nisalimie Kukhu, mwambie nimesimulia habari za mafiga yake jikoni kwa watu na sikutetemeka sana. Nisalimie Elamu mdogo wangu, aache kumpanda ndama. Nisalimie shangazi aliye ng'ambo ya mto, na mzee wa kanisa aliyetuombea tulipohama, na yule jirani anayetusaidia kulima, yeye na watoto wake. Mwalimu na Mama Mwalimu wanawasalimu. Mwalimu alisema niandike "wanakusalimu kwa unyenyekevu", na nimeandika.

Limebaki jambo dogo, nimelichelewesha kwa sababu naona haya. Nyuma ya karatasi za Mwalimu utakuta moja iliyokunjwa mara nne, ya daftari la mistari. Hiyo ni yangu. Ni hadithi ya mtoto aliyesafiri ndani ya lori usiku kucha na nyanya yake bila shuka. Mwalimu hajui kwamba nimeiandika. Analala chumba cha pili kutoka changu na nimejaribu kumpa kwa mkono, nikafika mlangoni nikarudi. Nataka aisome, lakini nataka aitoe mkobani kama za wenzake, na maoni yake ayaandike kwenye karatasi ya peke yake.

Haina njia nyingine ya kumfikia, Baba, isipokuwa ipite kwako.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Rispa